ALIYEZAMA HAOKOLEWI NA KELELE



Safari hii katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya mtu aliyezama majini. Hatuzungumzi juu ya yule aliyepotea ziwani akatafutwa siku mbili. Tunazungumza juu ya yule aliyetolewa majini sasa hivi. Amelazwa mchangani. Amefumba macho. Haitiki akiitwa. Hapumui. Watu wamemzunguka.

Je, mtu huyu amekufa?

Wengi wetu tutasema amekufa. Tutaanza kulia. Tutatafuta kanga ya kumfunika. Lakini mtu huyu huenda hajafa bado. Pumzi imekatika. Moyo umesimama, au unakaribia kusimama. Uhai umebaki kama kaa la moto chini ya majivu. Likipulizwa mapema, moto huwaka. Likicheleweshwa, huzimika kabisa.

Nina maoni yangu juu ya jambo hili, nami nitayasema waziwazi. Vijiji vyetu vya kando ya ziwa havikosi watu wa kumwokoa aliyezama. Watu wapo, tena wengi. Tunachokosa ni watu waliogawana kazi kabla ya hatari kuja. Umati haumwokoi mtu. Kikosi ndicho kinachomwokoa. Na kikosi hakizaliwi siku ya msiba. Kikosi hutengenezwa siku ya amani.

DAKIKA NI CHACHE

Kwanza tuelewe jinsi mwili unavyofanya kazi. Tukivuta pumzi, hewa safi huingia katika mapafu. Damu huichukua hewa hiyo. Moyo ni pampu. Unaisukuma damu mpaka kwenye ubongo na viungo vyote. Pumzi ikikatika, damu hukosa hewa. Moyo ukisimama, damu haitembei.

Mtu anapozama, kinachokatika kwanza ni pumzi. Moyo wake huendelea kupiga kwa muda mfupi. Kisha hudhoofika kwa kukosa hewa, na mwisho husimama. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Zikipita dakika kumi bila msaada wowote, matumaini huwa madogo sana.

Sasa jiulize. Kutoka kwenye mwalo wenu mpaka zahanati ni mwendo gani? Nusu saa kwa baiskeli? Saa moja kwa miguu? Hata kama kuna pikipiki na njia ni nzuri, mganga hawezi kufika katika dakika nne. Ni nani basi anayeweza kufika? Ni mvuvi aliyekuwa akishona nyavu. Ni mama anayeanika dagaa. Ni kijana mbeba mizigo. Ni mwalimu aliyepita kununua samaki. Ni wewe.

Tunao mfano mkubwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani yake mlikuwa na watu 43. Watu 19 walikufa na watu 24 walipona. Wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwafikia. Hilo lilitokea mjini, karibu na uwanja wa ndege. Itakuwaje basi kijijini, au kwenye kisiwa cha mbali? Wa kwanza kufika siku zote ni jirani.

Tena jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote. Zaidi ya nusu yao walikuwa hawajafikia umri wa miaka 30. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ndio watoto wetu wanaocheza ufukweni, wanaotumwa maji, na wanaotumbukia katika visima na malambo.

UMATI HUFANYA NINI?

Tazama mambo yanavyokwenda kwenye mwalo ambao watu wake hawakujiandaa. Mtoto ametolewa majini. Kelele zinapigwa. Mmoja anamshika miguu na kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Mwingine anamkamua tumbo. Wa tatu anamlaza juu ya pipa na kumviringisha. Mama yake anajitupa juu yake. Watu hamsini wanasogea kutazama, hata upepo haupiti. Mtu mmoja anapaza sauti: "Jamani, pigeni simu!" Kila mmoja anadhani mwenzake amepiga. Hakuna aliyepiga. Dakika nne zimekwisha.

Watu hawa si wabaya. Kila mmoja ana uchungu na kila mmoja anataka kusaidia. Lakini hakuna anayempa mtoto kile alichokosa, yaani hewa.

Kumning'iniza mtu hakusaidii. Maji yaliyoingia kwenye mapafu huwa si mengi, na hayatoki kwa njia hiyo. Maji unayoyaona yakimwagika yanatoka tumboni. Yakipanda yakiwa na chakula yanaweza kuingia katika mapafu na kumzidishia madhara. Kumkamua tumbo nako ni vivyo hivyo. Acha maji yaliyo tumboni. Anachohitaji ni pumzi.

Tusione haya kuacha desturi hizi. Watu wa nchi nyingine nao walikuwa na zao. Katika mji wa Amsterdam, huko Uholanzi, kuna mifereji mingi ya maji, na zamani watu wengi walikuwa wakifa humo. Mwaka 1767 wananchi wa mji huo waliunda chama cha kuokoa waliozama. Chama hicho kilishauri watu wampulizie aliyezama pumzi mdomoni. Lakini kilishauri pia apulizwe moshi wa tumbaku katika njia ya haja kubwa! Wakati ule waganga wao waliona hiyo ni dawa. Baadaye ilijulikana kwamba moshi haufai kitu, wakauacha. Pumzi ya mdomoni imebaki mpaka leo. Jambo la kuiga kwa watu wale si moshi. Ni kwamba wananchi wa kawaida walikaa wakaunda chama cha kuokoa wenzao.

MIKONO MIWILI HAITOSHI

Mwaka 1960, wataalamu watatu wa mji wa Baltimore, huko Marekani, walitangaza jambo kubwa. Waligundua kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa bila kupasua kifua. Ukikibonyeza kifua kwa nguvu katikati, damu husukumwa na kutembea. Tangu hapo ikajulikana kwamba kazi hii haihitaji chumba cha upasuaji. Inahitaji mikono.

Lakini mikono mingapi? Mtu mmoja akibonyeza kifua sawasawa, baada ya dakika mbili huanza kuchoka. Mara nyingi yeye mwenyewe hajitambui kuwa amechoka. Anaendelea kubonyeza, lakini mikono haishuki tena vya kutosha. Damu haifiki kwenye ubongo. Ndiyo maana nasema mikono miwili haitoshi. Lazima watu wapokezane.

Mmewaona wanawake wakitwanga wawili katika kinu kimoja. Michi haigongani. Mmoja anapoinua, mwenzake anashusha. Akichoka mmoja, wa tatu anapokea mchi na kinu hakisimami. Hakuna anayeuliza, "Sasa nifanye nini?" Kila mmoja anajua zamu yake kwa sababu wametwanga pamoja siku nyingi. Kumwokoa aliyezama ni kazi ya namna hiyo hiyo.

KAZI SITA ZA KIKOSI

Kikosi cha mwalo kiwe na kazi hizi sita.

1. Kiongozi. Huyu anasimama mahali anapowaona wote. Anatoa amri na kuangalia muda. Kama watu wanatosha, yeye hamshiki mgonjwa. Akianza kubonyeza, nani ataangalia mengine?

2. Mbonyezaji. Huyu anabonyeza kifua.

3. Mpulizaji. Huyu anakaa kichwani, anafungua njia ya hewa na kupuliza pumzi.

4. Mpokezi. Huyu amepiga magoti upande wa pili, mikono tayari. Zamu ikifika anapokea kazi ya kubonyeza.

5. Mjumbe. Huyu anapiga simu zahanati au kituo cha afya, na anatafuta chombo cha kumsafirisha mgonjwa. Kisha anarudi kumwambia kiongozi amefikia wapi.

6. Mlinzi. Huyu anawarudisha watu nyuma hatua kumi. Anamshika mama au ndugu wa mgonjwa kwa upole, anakaa naye na kumweleza kinachofanyika. Usiidharau kazi hii. Mlinzi akikosekana, hao wengine watano hawawezi kufanya kazi.

Amri nazo zina namna yake. Kiongozi asiseme, "Mtu apige simu." Amri ya watu wote ni amri isiyo na mwenyewe. Amwite mtu kwa jina, au amwoneshe kwa kidole: "Wewe mwenye shati jekundu, piga simu zahanati, kisha uje uniambie." Naye aliyeamriwa ajibu kwa kurudia: "Napiga simu zahanati, nitakuja kukuambia." Hapo kiongozi anajua kwamba amesikika. Na kama mwanakikosi anaona kosa, aseme palepale, hata kama kiongozi ni mzee wake: "Kiongozi, kifua hakinyanyuki." Huko si kukosa adabu. Siku hiyo adabu ni kumwokoa mtu.

JINSI YA KUFANYA

Soma hatua hizi polepole. Ukiweza, msomee jirani asiyejua kusoma.

Hatua ya kwanza: jilinde wewe. Wako waokoaji wengi waliokufa maji pamoja na waliotaka kuwaokoa. Mtu anayezama hushika chochote, hata shingo yako. Usijitupe majini kama huna ujuzi na huna kitu cha kuelea. Mnyoshee mti mrefu au kasia. Mtupie kamba. Mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, litamwelesha. Mfuate kwa mtumbwi.

Hatua ya pili: mlaze chali mahali pagumu na tambarare. Mwite kwa sauti. Mtikise mabega. Kama haitiki, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde kumi. Je, kinapanda na kushuka? Jihadhari na jambo moja. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kutweta mara moja moja, akifungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Mhesabu kuwa hapumui, na anza kazi.

Hatua ya tatu: mpulizie pumzi tano. Weka mkono mmoja juu ya paji la uso, uinamishe kichwa chake nyuma. Kwa vidole vya mkono wa pili inua kidevu. Hivyo ulimi hautaziba koo. Mbane pua. Funika mdomo wake wote kwa mdomo wako. Puliza kwa sekunde moja hivi, mpaka uone kifua kinanyanyuka. Acha kishuke, kisha puliza tena. Kama kifua hakinyanyuki, kichwa hakikukaa vizuri. Kiweke upya.

Hatua ya nne: kama bado hapumui wala hajitingishi, bonyeza kifua. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa. Weka kiganja cha pili juu ya cha kwanza. Nyosha viwiko. Mabega yako yawe juu ya mikono yako. Bonyeza chini kiasi cha sentimita 5, karibu urefu wa kiberiti kidogo cha njiti. Kisha achia mpaka kifua kirudi juu kabisa, bila kuondoa mikono. Bonyeza mara 30, ukihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Mwendo uwe wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Maana yake ni kwamba mara 30 ziishe kati ya sekunde 15 na 18.

Hatua ya tano: baada ya mara 30, mpulizaji apulize pumzi mbili. Kisha mara 30 tena. Kisha pumzi mbili. Mkizunguka hivyo mara tano, zimepita kama dakika mbili. Hapo mpokezi apokee. Kupokezana kusichukue hata sekunde tano. Kiongozi aseme mapema, "Mzunguko huu ndio wa mwisho, mpokezi jiandae."

Kwa mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi, mkono mmoja unaweza kutosha. Kwa mtoto mchanga, kizungushie kifua chake viganja vyako na ubonyeze kwa vidole gumba viwili, na umpulizie kwa kufunika mdomo na pua yake pamoja. Pumzi iwe ndogo, ya kunyanyua kifua tu. Mtoto hubonyezwa kiasi cha theluthi moja ya unene wa kifua chake.

Akitapika, na mara nyingi hutapika, mgeuzeni mwili mzima ubavu. Mfuteni mdomo. Mrudisheni chali, mwendelee.

Msiache mpaka moja kati ya mambo haya litokee: ameanza kupumua, au mganga amefika na kupokea kazi, au nguvu zenu zote zimekwisha. Akianza kupumua, mlazeni ubavu, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa nguo kavu. Na hata akikaa na kuzungumza, lazima apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumletea taabu saa chache baadaye.

Na kama uko peke yako? Paza sauti kuita watu, kisha anza na zile pumzi tano. Fanya kazi zote mbili, kubonyeza na kupuliza, kwa dakika mbili. Baada ya hapo ndipo upige simu au ukatafute msaada, kisha urudi kuendelea.

MAFUNZO YA SIKU MOJA HAYATOSHI

Wako watakaosema, "Tumesoma, tumeelewa." Hapana, ndugu. Kusoma ni mwanzo. Hakuna aliyejifunza kupiga kasia kwa kusoma gazeti.

Tunalo funzo kubwa kutoka hapa hapa nchini. Katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, wakunga walifundishwa mwaka 2010 jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Walifundishwa siku moja kwa kutumia mwanasesere. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri. Lakini ndani ya chumba cha kuzalia, kazi haikubadilika kama ilivyotarajiwa. Ujuzi ulibaki darasani.

Mwaka 2011 wakabadili mpango. Wakaanza kufanya mazoezi mafupi mara kwa mara, pale pale mahali pa kazi. Baada ya hapo, vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua kutoka 11 hivi hadi 7 hivi katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Hospitali ni ile ile. Kilichozidi ni mazoezi ya kila mara.

Kama mkunga, ambaye ndiyo kazi yake, anahitaji kufanya mazoezi mara kwa mara, sembuse sisi wavuvi na wakulima? Mazoezi hayahitaji fedha. Chukua gunia dogo, ulijaze mchanga na majani makavu, ulichore alama katikati. Hicho ndicho kifua. Jifunzeni kubonyeza, kuhesabu, kupokezana na kutoa amri. Msimbonyeze mtu mzima anayepumua kwa kujifunza, mtamuumiza. Kupuliza mfundishwe na mhudumu wa afya. Dakika kumi na tano kila mwezi zinatosha, siku ambayo wavuvi hawaendi majini.

MASHAKA YA WATU

Watu wana mashaka yao, na ni haki yao kuyasema. Tuyajibu moja moja.

"Hiyo ni kazi ya daktari." Ni kweli, kutibu ni kazi ya daktari. Lakini daktari hawezi kumtibu mtu ambaye ubongo wake umekwisha kufa njiani. Kazi yenu ni kumfikisha kwake akiwa na uhai.

"Saa yake imefika, ni kudra ya Mungu." Hatushindani na Mungu. Hakuna kati yetu anayejua saa ya mwenzake. Kwa kuwa hatuijui, si kazi yetu kutangaza kwamba imefika.

"Nitavunja mbavu zake." Huenda ubavu mmoja ukavunjika. Ubavu huunga. Ubongo uliokufa hauungi.

"Nitaambukizwa UKIMWI." Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mate. Kama mdomoni kuna damu, tumieni barakoa ya kupulizia. Kijiji kiulize zahanati jinsi ya kuipata. Kama mpulizaji hawezi kabisa, bonyezeni kifua bila kupuliza. Ni bora kuliko kutazama. Lakini kwa aliyezama, pumzi ndiyo dawa yenyewe, kwa hiyo jiandaeni mapema.

"Ni mke wa mtu, siwezi kumgusa." Ndiyo maana kikosi kiwe na wanawake na wanaume. Lakini kama aliyepo ni mwanamume peke yake, asingoje. Hakuna mume mwenye akili atakayetaka heshima ya namna hiyo, ya kurudishiwa mke wake maiti.

"Akifa mikononi mwetu, tutalaumiwa." Hili ndilo linalowarudisha wengi nyuma. Dawa yake ni kulizungumza mapema. Mkutano wa kijiji ukubali kikosi, uwataje wanakikosi kwa majina, na uandike katika kumbukumbu zake. Kila kaya ijue kwamba hawa tumewatuma sisi wenyewe. Na tuseme ukweli: si kila mtu ataokoka. Wengine watakufa hata kikosi kikifanya kila kitu sawasawa. Kijiji kisiwaulize, "Mbona amekufa?" Kiwaulize, "Mlifanya kazi yenu?"

UKWELI MWINGINE

Mtu mzima anaweza kuanguka ghafla nyumbani kwa ugonjwa wa moyo, naye asipumue. Naye abonyezwe kifua vile vile wakati msaada unatafutwa. Lakini mara nyingi moyo wa namna hiyo unahitaji pia mashine ya kuushtua, na mashine hiyo haiko kijijini. Nafasi yake ya kupona huwa ndogo. Sisemi hivyo ili tukate tamaa. Nasema hivyo ili mjue kwa nini nimesisitiza aliyezama. Aliyezama alikosa hewa tu. Hewa hiyo mnayo ninyi vifuani mwenu. Akiwahiwa, anaweza kurudi kabla ya mashine yoyote kufika.

Aliyepigwa na radi naye akumbukwe. Pumzi na moyo wake vinaweza kusimama mara moja. Mwili wake haubaki na umeme. Ukimgusa hutadhurika. Radi ikipiga watu wengi, anzeni na wale wasiopumua, maana wanaolia na kulalamika wana uhai.

Na kinga hubaki kuwa bora kuliko tiba. Mvuvi avae boya. Mtumbwi usijazwe kupita kiasi. Pombe isiingie mtumbwini. Kisima kifunikwe. Mtoto mdogo asiachwe ufukweni bila mtu mzima.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni mbili katika nchi yetu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kwa pamoja, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja kila mmoja awe mganga. Walikubaliana la kufanya na wakalifanya. Kazi hii ya leo ni ndogo kuliko ile.

Nashauri hivi. Jambo hili lipelekwe katika mkutano wa kijiji. Kila mwalo uchague watu kumi na wawili, yaani wawili kwa kila kazi, ili mmoja akiwa majini mwenzake awe nchi kavu. Wachaguliwe wale wanaoshinda ufukweni: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mama lishe, vijana wa pikipiki. Mhudumu wa afya wa zahanati aombwe kuwafundisha. Namba ya simu ya zahanati iandikwe kwa rangi ukutani, kwa tarakimu kubwa. Kamba ndefu na madumu matatu matupu yawekwe mahali panapojulikana, na yasichukuliwe kwa kazi nyingine. Kitabu cha mazoezi kiwepo, na mwenyekiti akikague kila mwezi.

Kijiji kitakachofanya hivyo huenda kikakaa mwaka mzima bila kukitumia kikosi chake. Watu watasema mmepoteza muda. Waacheni waseme, endeleeni na mazoezi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kutoka kwenye mwalo wetu mpaka zahanati ni dakika ngapi? Zilinganishe na dakika nne.

2. Mtu akizama leo, nani atakuwa kiongozi? Nani atapiga simu? Nani atauzuia umati?

3. Kwa nini ni kosa kumning'iniza aliyezama kichwa chini?

4. Kwa nini mbonyezaji abadilishwe kila baada ya dakika mbili?

5. Hesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 30 huku mwenzako akiangalia saa. Umetumia sekunde ngapi?

6. Mkutano ujao wa kijiji ni lini, na nani kati yetu atalisema jambo hili?